CHOMBO HUANDALIWA NCHI KAVU
Mbao, Maji na Nta katika Matayarisho ya Msimu Mpya

Sikonge iko mbali na bahari. Mji huo, ulio kusini ya Tabora katika nyanda za juu za magharibi ya Tanzania, umezungukwa na misitu ya miombo. Mtu apitaye huko mwezi wa Septemba huona vumbi, nyasi zilizokauka, na mizinga ya nyuki iliyotundikwa mitini. Si mahali ambapo mtu angetazamia kujifunza habari za matanga na mikuku. Hata hivyo, ni vigumu kupata mahali panapoonyesha wazi zaidi tatizo linalomkabili kila mwenye chombo cha mbao, awe nahodha wa jahazi la Zanzibar au mvuvi mwenye mtumbwi mmoja. Tatizo lenyewe ni hili: chombo kilichokaa nchi kavu kwa miezi mingi huvuja siku ya kwanza ya msimu mpya, hata kama kilipopandishwa ufukoni hakikuwa na tundu lolote.

Hilo si jambo dogo. Chombo kinachovuja hakimwonyi abiria mapema. Watu hupanda, tanga hutwekwa, upepo hushika. Na wakati maji yanapofika kwenye vifundo vya miguu, pwani imekwisha kuwa mbali. Ajali nyingi za namna hiyo zingeweza kuzuiwa kwa kazi iliyofanywa wiki chache kabla, chini ya mti, kwa zana ndogo na kwa ujuzi wa jinsi mbao inavyoishi na maji. Makala haya yanaeleza ujuzi huo.

Watu wa nchi kavu na vyombo vyao

Mvua inayoingia katika Mto Ugalla, unaopita katika misitu ya Sikonge, huelekea kaskazini-magharibi hadi Mto Malagarasi, na Malagarasi humwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, mto hufurika na kuenea mabondeni. Kiangazi kinapokolea, mkondo hupungua, na sehemu nyingi hubaki madimbwi marefu yenye samaki wengi. Kwa miaka mingi wavuvi na warina asali waliingia huko kwa vibali wakati lilipokuwa Pori la Akiba la Ugalla. Mwaka 2019 pori hilo lilipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, na matumizi ya namna hiyo hayaruhusiwi tena ndani ya hifadhi. Lakini ujuzi wa kutengeneza mtumbwi kwa gogo, au kwa gome la mti mmoja lililobanduliwa zima, ni wa kale katika bonde zima la Ugalla na Malagarasi.

Wasafiri wa njia ya misafara waliutegemea ujuzi huo. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji, mwendo wa kiasi cha kilomita 1,200 kwa jumla. Kabla ya kufika Ujiji ilibidi kuvuka Malagarasi, na hapakuwa na daraja. Richard Burton na John Hanning Speke walivuka mwaka 1858 kwa mitumbwi ya magome. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley, alipotaka kuepa vita vya Mirambo, aliondoka Tabora kwa njia ya kusini, akapita nchi za Ugunda na Ukonongo, kisha akageuka kuelekea Malagarasi. Watu na mizigo walivushwa salama kwa mitumbwi. Punda mmoja, aliyekuwa akivutwa kwa kamba majini, alichukuliwa na mamba.

Kule ziwani, upungufu wa vyombo ulikuwa kikwazo kikubwa zaidi. Mwaka huo wa 1858 Speke alivuka Ziwa Tanganyika kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge ili kukodi jahazi la mfanyabiashara Hamed bin Sulayyim. Alirudi bila jahazi. Miaka ishirini baadaye, mwezi wa Agosti 1878, alifika Ujiji Edward Coode Hore, baharia wa Jumuiya ya Misioni ya London. Hore alitwaa chombo cha gogo kilichotengenezwa na mafundi wa ziwani, akakitia matanga, akakiita Calabash, na kwacho akapima pwani za ziwa. Baadaye jumuiya hiyo ilileta chombo cha matanga cha chuma, Morning Star, kilichosafirishwa vipande vipande kutoka pwani ya bahari na kufika Ujiji mwaka 1883. Hivyo, katika njia hiyo hiyo iliyopitisha pembe za ndovu, nguo na shanga, vilipita pia vipande vya chombo cha matanga.

Mifano hiyo inaonyesha aina tatu za vyombo: cha gome, cha mbao na cha chuma. Kila kimoja kina adui zake nchi kavu. Mbao ndiyo yenye mengi ya kufundisha, kwa hiyo ianze yenyewe.

Kwa nini mbao husinyaa

Mti ulio hai umejaa maji. Sehemu ya maji hayo imo katika matundu ya seli, kama maji yaliyomo ndani ya mrija. Sehemu nyingine imeshikamana na kuta za seli zenyewe, katikati ya nyuzi nyembamba sana za selulosi. Mti ukikatwa na kuanza kukauka, maji ya matundu ndiyo yanayotoka kwanza. Katika hatua hiyo mbao hupungua uzito lakini haibadiliki ukubwa. Unyevu unapofika karibu asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, matundu yamekwisha kuwa matupu, na maji ya kuta huanza kutoka. Hapo nyuzi za selulosi husogeleana na mbao husinyaa. Ikirudishwa majini, maji hupenya tena katikati ya nyuzi, zikaachana, na mbao ikavimba.

Mbao haisinyai sawasawa pande zote. Kwa urefu wa nyuzi husinyaa kidogo mno, hata nusu ya asilimia moja haifiki. Kwa unene wa gogo, kutoka kiini kuelekea gome, husinyaa zaidi. Kwa kufuata mzunguko wa pete za ukuaji, husinyaa zaidi ya hapo, na katika miti mingi kiasi hicho hukaribia mara mbili ya kile cha kutoka kiini kuelekea gome. Tofauti hiyo ndiyo inayopasua magogo. Mzunguko wa gogo hutaka kupungua kuliko unene wake unavyoruhusu. Kwa kuwa hauna nafasi, hupasuka, na nyufa huelekea kiini kama njiti za gurudumu la baiskeli. Kila mwenye mtumbwi wa gogo amewahi kuziona.

Zaidi ya hayo, ncha za gogo hukauka haraka kuliko ubavu wake, maana hapo mirija ya seli imekatwa na kuachwa wazi. Ndiyo sababu nyufa za mtumbwi mara nyingi huanzia omoni au tezini, kisha hutembea kuelekea katikati.

Kiasi cha kusinyaa hutofautiana kwa aina ya mti, na hapa misitu ya Tabora ina hazina yake. Mninga, ambao wataalamu wa mimea huuita Pterocarpus angolensis, ni miongoni mwa miti inayosinyaa kidogo sana. Kutoka ubichi hadi ukavu wa kawaida, ubao wa mninga hupungua upana kwa kiasi cha asilimia 2 au chini ya hapo. Miti mingine mingi hupungua kwa asilimia 5, na mingine hufika hata 10. Kwa hesabu rahisi, ubao wenye upana wa sentimita 20 unaosinyaa kwa asilimia 5 hupoteza sentimita moja nzima. Ule wa mninga hupoteza milimita 4 au pungufu. Mafundi waliochagua mninga kwa mitumbwi, milango na masanduku hawakuhitaji maabara ili kuligundua hilo. Walilijua kwa vitu vilivyokaa miaka mingi bila kupinda.

Ufa wa milimita moja

Mtu anaweza kuuliza: milimita chache zina madhara gani? Kanuni ya Torricelli, inayofundishwa katika fizikia ya sekondari, inatoa jibu. Maji yanayoingia katika tundu lililo chini ya uso wa maji huwa na mwendo unaopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mvuto wa dunia kwa kina cha tundu, kisha kutafuta kipeo cha pili cha jibu.

Chukua ufa wenye upana wa milimita 1 na urefu wa sentimita 20, ulio sentimita 30 chini ya uso wa maji. Kina ni mita 0.3, mwendo wa maji ni karibu mita 2.4 kwa sekunde. Eneo la ufa ni mita za mraba 0.0002. Kwa kuwa mkondo hujibana unapopita katika nafasi nyembamba, kiasi halisi ni karibu asilimia 60 ya kile cha nadharia. Jibu ni karibu lita 0.3 kwa sekunde, yaani lita 17 au zaidi kwa dakika: karibu debe moja la maji kila dakika. Kwa saa moja huingia lita elfu moja, ambazo uzito wake ni tani moja.

Huo ni ufa mmoja, mwembamba kuliko sarafu. Mtu mwenye upo au kopo anaweza kushindana nao kwa muda, lakini hawezi wakati huohuo kushika usukani na kuangalia tanga. Tena, ngama inayojaa chini ya chombo haikai mahali pamoja. Chombo kikilala upande mmoja kwa upepo, maji yote hukimbilia upande huo na kukilaza zaidi. Kwa hiyo chombo kinachovuja kinaweza kupinduka mapema kabla ya kujaa na kuzama. Katika Ziwa Tanganyika, ambako upepo wa kusini wa kiangazi huinua mawimbi makubwa, hatari hiyo si ya kitabuni.

Usizibe kwa nguvu

Methali husema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba ni kweli tupu. Kwa chombo cha mbao methali hiyo inahitaji nyongeza: ukiziba vibaya, utapasua mahali pengine.

Kosa la kawaida ni kuziba nyufa za chombo kikavu kwa kitu kigumu, kama vile saruji, kabari ya mti mgumu au nyuzi zilizoshindiliwa kwa nyundo kwa nguvu zote. Siku ile fundi huridhika, kwa sababu ufa hauonekani tena. Lakini chombo kikiingia majini mbao huvimba, na ikikuta nafasi yake imejazwa, husukuma. Nguvu ya mbao inayovimba ni kubwa; katika zama za kale watu walipasulia mawe kwa kabari za mti zilizomwagiwa maji. Katika chombo nguvu hiyo hung'oa misumari, hupinda mbao, au hufungua ufa mpya pembeni ya ule wa zamani. Chombo kikipandishwa tena na kukauka, ufa huwa mpana kuliko mwanzo.

Mafundi wa pwani walilitatua tatizo hili zamani. Katika Lamu, Zanzibar na Bagamoyo, jahazi lilipandishwa ufukoni wakati wa bamvua, likaegemezwa kwa gadi, likasuguliwa magugu na chaza waliogandamana chini. Kisha lilitiwa kalafati, yaani pamba iliyolowekwa katika mafuta, iliyopachikwa taratibu katikati ya mbao. Pamba iliyolowa mafuta ina sifa mbili zinazotakiwa: maji hayaipiti kwa urahisi, na mbao ikivimba pamba hukubali kubanwa. Fundi stadi huangalia ukavu wa mbao kabla ya kupima nguvu ya nyundo. Mbao ikiwa kavu sana, hupachika kwa wepesi na kuyaachia maji kazi iliyobaki.

Juu ya mstari wa maji jahazi lilipakwa sifa, ambayo ni mafuta ya ini la papa. Chini ya mstari huo lilipakwa deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa. Deheni ilikuwa na kazi ya ziada ambayo mvuvi wa Ugalla haihitaji. Baharini yupo teredo, mnyama wa jamii ya chaza mwenye umbo la mnyoo, atobolaye mbao na kuishi ndani yake. Hayupo katika Ugalla wala katika Ziwa Tanganyika.

Mtepe, chombo cha kale cha pwani, ulifuata kanuni hiyohiyo kwa njia nyingine. Mbao zake hazikupigwa misumari. Zilishonwa kwa kamba za kumbi la nazi, na mshono hukubali mbao ikisogea. Mtumbwi wa gome wa Malagarasi nao hushonwa. Mafundi wa sehemu hizo mbili, waliotenganishwa na mwendo wa miezi mitatu kwa miguu, walifikia jibu moja: kiungo cha chombo kiwe imara, lakini kisiwe kigumu.

Nta ya Sikonge

Kwa kuziba na kulinda mbao, Sikonge ina kitu chake chenyewe. Wilaya hiyo ni mojawapo ya sehemu mashuhuri kwa ufugaji wa nyuki nchini, na Tabora ndiko kilipo chuo cha mafunzo ya kazi hiyo. Asali hujulikana kwa kila mtu. Nta hujulikana kidogo, ingawa imekuwa bidhaa ya biashara ya kwenda ng'ambo kwa zaidi ya miaka mia moja.

Nta ya nyuki ni mchanganyiko wa viungo vya kikemia ambavyo molekuli zake ndefu hazivutani na molekuli za maji. Ndiyo sababu tone la maji juu ya nta hujikusanya kama ushanga badala ya kutandaa. Huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Sentigredi, kwa hiyo jua la Oktoba haliiyeyushi, bali huilainisha. Washonaji wa matanga katika nchi nyingi huupitisha uzi juu ya nta kabla ya kushona, ili uzi usinywe maji, usiote kuvu, na upite katika nguo bila kukwaruzana.

Katika matayarisho ya chombo, nta ina kazi tatu. Kwanza, ikipakwa kwenye ncha za gogo au mbao mbichi, huziba mirija iliyokatwa na kupunguza mwendo wa ukaukaji. Nyufa za omoni na tezini hupungua. Pili, ikichanganywa na mafuta huwa laini, ikaweza kutumika kulowekea nyuzi za kuziba. Nta tupu haifai kwa kazi hiyo, kwa sababu ikipoa huwa ngumu na kukatika mbao inaposogea. Tatu, hulinda nyuzi na kamba. Ni lazima ipakwe kwenye mbao kavu, maana haishiki mahali palipolowa.

Tahadhari moja ni muhimu. Nta haiyeyushwi juu ya moto moja kwa moja, kwa kuwa mvuke wake huwaka. Chombo chenye nta huwekwa ndani ya sufuria kubwa yenye maji yanayochemka. Kwa njia hiyo joto haliwezi kuzidi nyuzi 100.

Kukauka na kuoza

Baada ya kusoma hayo, mtu anaweza kudhani kwamba dawa ni kuacha chombo mahali penye unyevu. Hapo hukutana na adui wa pili, nao ni kuvu. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji na hewa. Mbao yenye unyevu wa chini ya asilimia 20 ni kavu mno kwao. Mbao iliyozama kabisa haina hewa ya kuwatosha. Wanastawi katikati ya hali hizo mbili: katika mtumbwi uliolala juu ya udongo wenye majimaji, uliofunikwa nyasi mbichi, au uliojaa maji ya mvua nusu.

Kwa hiyo chombo hutunzwa kwa njia mbili zilizo salama. Njia ya kwanza ni kukizamisha chote kwa mawe katika maji yaliyotulia. Wavuvi wa sehemu nyingi hufanya hivyo, na sayansi inawaunga mkono: mbao haisinyai, na kuvu hawapati hewa. Njia ya pili ni kukiinua juu ya magogo ili hewa ipite chini, kukifudikiza ili mvua isituame, na kukiweka kivulini. Kivuli hakizuii kukauka, bali hukawiza, na mbao inayokauka polepole hupasuka kidogo kuliko ile inayochomwa na jua upande mmoja.

Chombo cha chuma hakisinyai, lakini hushika kutu, na kutu nayo huhitaji maji pamoja na oksijeni. Mfano bora umo katika historia ya ziwa lenyewe. Meli ya Kijerumani Graf von Götzen iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa na kusafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000. Kutoka Dar es Salaam ilipelekwa kwa reli iliyopita Tabora hadi Kigoma. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili isitekwe, lakini kabla ya hapo mafundi walizipaka mashine zake grisi nyingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mashine zilikuwa katika hali ya kutengenezeka. Mwaka 1927 ilirudi kazini kwa jina jipya la Liemba. Grisi ilikuwa imefanya kwa chuma kazi ileile ambayo nta huifanya kwa mbao.

Mti mmoja kwa mtumbwi mmoja

Utunzaji wa chombo una faida nyingine, isiyomhusu mwenye chombo peke yake. Mtumbwi wa gome hutengenezwa kwa kukata gome la mti kwa mzunguko mara mbili, juu na chini, kisha kulipasua kwa urefu na kulibandua lote. Kazi hiyo huwa rahisi wakati utomvu unapotembea, kwa kuwa seli changa zilizo kati ya gome na mti, ziitwazo kambiamu, huwa laini. Mzinga wa gome hutengenezwa vivyo hivyo, mara nyingi kutokana na mtundu.

Mti uliobanduliwa hivyo hufa. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka mizizini kwa kupitia gome la ndani, katika mirija iitwayo floemu. Gome likiondolewa kwa mzunguko mzima, mizizi hukosa chakula, na baada ya muda mti hukauka, ingawa mwanzoni majani yake yanaweza kuendelea kuwa mabichi. Mtundu ni mmojawapo wa miti ambayo maua yake huwalisha nyuki wa Sikonge. Anayeua mtundu hupunguza pia asali na nta yake ya miaka ijayo. Kwa sababu hiyo maafisa wa nyuki wamekuwa wakihimiza mizinga ya mbao mahali pa ile ya magome. Kwa upande wa mitumbwi hesabu ni hiyohiyo: chombo kinachodumu misimu kumi badala ya mitano huokoa mti mmoja.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wanaweza kupima wenyewe yaliyoelezwa. Waombe kwa seremala vipande vya mninga, mkaratusi na msindano, vyenye urefu wa sentimita 10 kwa kukingama nyuzi. Wavipime uzito na upana kwa kalipa, wavizamishe majini siku tatu, kisha wavipime tena. Baada ya hapo wavianike kivulini wiki mbili, wakipima kila siku na kuchora grafu ya upana dhidi ya uzito. Kipande kimoja cha kila mti kipakwe nta kwenye ncha zake. Maswali ya kujibu ni haya: ni mti gani uliobadilika kidogo kuliko mingine? Je, upana ulianza kupungua mara moja, au baada ya uzito kupungua kwanza? Nta ilibadilisha nini: kiasi cha kusinyaa, au mwendo wake?

Siku ya kwanza majini

Baada ya kuziba, kila sehemu hukaguliwa kabla ya msimu. Mkuku na mataruma hugongwa kwa mpini wa kisu: mbao nzima hulia kwa sauti kali, iliyooza hutoa sauti ya kifu. Tanga hutandazwa juani na kuangaliwa mishono yake. Henza hukunjuliwa katikati ya nyuzi zake, kwa kuwa kamba huoza ndani kabla ya nje. Mlingoti huangaliwa mahali unapoingia katika fumba lake, ambapo maji hutuama. Usukani, nanga, upo na maboya ya kujiokolea huhesabiwa kimoja kimoja.

Kisha chombo hushushwa katika maji ya kina kifupi, kitupu, kikafungwa kwa kamba. Kitavuja. Hilo halina haja ya kumtia mtu hofu wala kumfanya aongeze kabari. Maji hupenya katika kuta za seli, mbao huvimba, kalafati hubanwa, na mvujo hupungua saa baada ya saa. Baada ya siku mbili au tatu ngama hufuliwa yote, na mahali pa ndani huwekwa alama. Ikiwa usiku mmoja ukipita maji hayajaongezeka kuliko upo unavyoweza kuondoa kwa dakika chache, chombo kiko tayari kubeba watu. Ikiwa yanaongezeka, kirudishwe ufukoni, na ufa utafutwe palepale yanapoingilia.

Siku hizo mbili au tatu ndizo zinazorukwa mara nyingi, hasa samaki wanapokuwa wengi na bei inapokuwa nzuri. Hazigharimu fedha yoyote. Zinahitaji kusubiri tu, na mwenye chombo aliyesubiri huondoka pwani akijua kwamba debe lile la maji la kila dakika halimo tena katika hesabu ya safari yake.